Dada Yangu Aliyenifundisha He na Him

Januari ile nilirudi shuleni nikiwa mwanamume. Sitanii. Desemba yote tulikuwa jandoni, mimi na vijana wenzangu wa kijijini, na tulipotoka tulikuwa tumeambiwa wazi kwamba utoto umekwisha. Hakuna kuzurura jikoni kwa mama, hakuna kucheza na watoto, hakuna kubishana na wasichana. Nilihamia kibanda changu mwenyewe kando ya zizi. Halafu Jumatatu mwanamume huyu akavaa kaptura ya kaki, akaenda kupanga mstari pamoja na watoto wa nasari.

Ni hapo mstarini mwalimu mkuu aliposoma majina ya wanne ambao nafasi yao ya darasa la nane ilikuwa na shaka. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa nimeanguka Kiingereza, na kilichoniangusha hasa ni vile vineno vidogo, he na him, she na her, they na them. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka nilijaza him kila mahali, hata palipotajwa ng'ombe aliyezaa, kwa imani kwamba moja au mbili lazima zitapata. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mkali kutoka upande wa Nyeri ambaye mumewe alikuwa na duka pale sokoni Silibwet, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu akiuliza huyo him wangu ni nani.

Tulipewa wiki tatu. Tungejaribiwa tena kwa mdomo, mbele ya darasa zima, na atakayeshindwa atarudia la saba. Sasa sikia balaa yenyewe: darasa la saba mwaka huo ndilo alilokuwa ameingia dada yangu mdogo. Tena aliingia akiwa namba moja. Ningekaa naye chumba kimoja, mimi niliyetoka jandoni juzi, nikiinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda choo na monita ni yeye. Afadhali ningehamia msitu wa Mau nikaishi na nyani.

Wenzangu waliniuliza nitafanyaje. Nikawaambia kwa madaha, "Mimi nina binamu fomu tatu. Huyo ataninyoosha."

Binamu huyo hakuwepo duniani. Mtu pekee niliyemjua, anayejua Kiingereza na asiyenitoza chochote, alikuwa dada yangu. Lakini ningemwendeaje? Yeye husomea jikoni, na jikoni siingii. Kibandani kwangu haingii yeye. Na hata kama tungepata pahali, nitasema nini? Mwanamume aombe msichana mdogo amfundishe!

Kilichoniokoa ni majani chai. Jumamosi nyumba nzima huchuma, na hakuna anayeuliza kwa nini mtu amesimama karibu na nani. Nilijifunga karatasi ya nailoni kiunoni, kwa sababu ya umande, nikabeba kikapu, nikachagua mstari ulio kando ya wake. Tulichuma kimya mpaka mama alipokuwa mbali kule chini.

"Wee msichana," nikaanza, "unajua ule upuzi wa he na him?"

"Upuzi upi? Ule uliokuangusha?"

"Sijaanguka. Nimeteleza."

"Haya, mzee. Umeteleza mpaka darasa langu." Hakuniangalia hata, mikono yake ilikuwa ikienda tu, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. "Sema kwa Kiingereza, mama ameniita."

"Mama has called I."

"Nani ameitwa?"

"Mimi."

"Basi ni me."

"Kwani nikiitwa nageuka mtu mwingine? Mimi ni mimi, nipige ama nipigwe. Hawa Wazungu wanabadilisha mtu jina kwa sababu ameitwa?"

Alicheka mpaka akamwaga majani. Kisha akachukua ule ufito tunaoulaza juu ya majani kupima usawa, akanigonga nao mkononi. Mimi, mwanamume mzima. Nikavumilia, maana mwenye shida nilikuwa mimi, au me, sikuwa na hakika bado.

Jumamosi ya kwanza ikaisha hivyo, nikiwa na mkono mwekundu na kichwa kitupu. Ya pili alikuja na akili nyingine.

"Achana na Kiingereza kwanza," akasema. "Baba alimwona mjomba. Hiyo a ya mwanzo ni ya nani?"

"Ya baba."

"Na hiyo m?"

Mkono wangu ulisimama juu ya majani. "Ya mjomba."

"Kwa nini ya mjomba si a?"

"Si ni kwa sababu yeye ndiye ameonwa! Mwenye kuona ni a."

"Basi he ni a. Him ni m. Akiwa ni mama ameonwa, unaweka her. Umekuwa ukisema hivyo tangu uote meno, mzee, ni vile hujisikizi."

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama mtu amewasha taa mchana, na kumbe kulikuwa na giza. Miaka minne nilikuwa nimepigwa fimbo kwa ajili ya kitu nilichokuwa nacho mdomoni tayari. Lakini mimi ni mimi, nikatafuta kosa.

"Na nilimwona, aliniona? Hapo mwenye kuona ni ni, mwenye kuonwa pia ni ni."

"Hapo Kiswahili kimekuhurumia. Kiingereza hakina huruma. Chuma."

Tukachuma. Kila kitu kilichopita barabarani kilikuwa sentensi. Mbwa wa jirani akifukuza kuku. Sisi tukiwaona akina mama wakipeleka maziwa. Wao wakituona. Nikikosea, ufito. Nikipata, hakuna pongezi, ni sentensi nyingine ngumu zaidi. Hata katikati ya wiki, akiniletea chakula, aliweka sahani mlangoni na kusema "I have brought it for...", akasubiri hapo nje mpaka nimalizie ndipo aondoke.

Siku yenyewe ilifika. Tulisimama wanne mbele ya ubao, magoti yetu nje. Kati yetu na darasa la saba palikuwa na ukuta wa mbao tu, wenye mianya ya kupitisha kidole, na upande ule walikuwa wamenyamaza kabisa. Nilijua ni nani anayesikiliza.

Mwalimu alianza na mimi. Akataja kwa Kiswahili, nikatafsiri. Nilimwita. Aliniita. Waliwapiga. Tuliwaona. Kila mara nilitafuta kwanza nani anafanya na nani anafanyiwa, kisha nikasema. Hakuna hata moja niliyokosa. Alijaribu kunichanganya kwa ng'ombe, nikampa it. Akaweka chaki chini, akavua miwani.

"Kijana, wewe hukujua haya mwaka jana. Nani amekufunza?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Binamu wa fomu tatu. Wenzangu wa jando walikuwa wakiniangalia, nao walimjua huyo binamu kama nilivyowaeleza, na mtu ambaye angeweza kunikanusha alikuwa ng'ambo ya mbao. Nilifungua mdomo.

"Ni dada yangu," nikasema. "Yule wa class seven. Tukichuma majani."

Darasa lililipuka. "Amefunzwa na msichana!" "Mzee wa jikoni!" Mtu akapiga meza kwa ngumi. Upande wa pili wa ukuta kikasikika kikohozi kimoja, kile ninachokijua tangu utotoni, cha mtu anayezuia kicheko.

Mwalimu hakucheka. Aliwaambia wanyamaze, akaniambia nitafute kiti humo humo la nane. Nilikitafuta. Walinichokoza wiki nzima na sikuwajibu, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Sasa niko sekondari, bado naambiwa nyamaza kila siku, na insha zangu za Kiingereza husomwa mbele ya wengine. Watu hudhani nilizaliwa hivi. Mimi najua nilikogongwa.

Wawili kati ya wale wanne walishindwa siku ile, lakini walimlilia mwalimu mkuu wakaongezewa wiki mbili. Ijumaa ya wiki ile ile, jioni, mmoja wao alinisubiri njiani. Huyo ndiye aliyeniita mzee wa jikoni. Akatazama huku, akatazama kule, akanong'ona, "Buda, kesho mnachuma?"

"Tunachuma."

"Niko na kikapu changu," akasema.