Bastola Ndani ya Mzinga

Tadeo Qamara, dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, alirithi kwa baba yake vitu viwili: mzinga wa nyuki na bastola ya Mjerumani. Bastola haikuwa na kibali, kwa hiyo aliificha ndani ya mzinga. Nyuki hawaulizi kibali.

Kosa lake lilikuwa kujisifu. Fundi wa kigeni pale shambani, mkusanyaji wa bastola za zamani, alikuwa akimsimulia jinsi watu wa kwao wanavyoihusudu ile ya Mjerumani. Tadeo akaropoka, "Mbona ninayo?"

Jumatatu fundi alifika Balangdalalu, kijijini kwa Tadeo, na afisa wa polisi. Tadeo alimwamkia shikamoo, ingawa afisa alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Hofu haina umri.

"Marahaba," alijibu afisa bila aibu. "Ilete."

Aliileta uso umevimba, bastola ikichuruzika asali. Afisa aliifuta kwa leso, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Fundi alimeza mate kwa tamaa.

"Hiki ni kielelezo," alisema afisa, akakitia mfukoni. Kesi haikufunguliwa.

Baada ya wiki mbili alirudi peke yake. "Bwana Tadeo, magazini yake ya risasi iko wapi? Kitu kama hiki hakipendezi kikiwa pungufu."

"Sijawahi kuiona, afande."

Ilikuwa bado mzingani, na risasi saba ndani yake. Kuikiri ni kujiongezea kifungo.

Afande huja kila mwezi, mpole wa kutisha. Na Philomena, mke wa Tadeo, huuliza kila siku kwa nini mwaka huu hawarini asali.