Vipepeo Vyekundu vya Pasaka

Enzi zetu msichana alivaa kipepeo cha riboni kichwani hata kama kichwa chenyewe hakikuwa na unywele hata mmoja. Msicheke, ninyi mnaonunua nywele dukani zikiwa zimeshasukwa tayari. Shuleni tulinyolewa wote, wavulana kwa wasichana, na asubuhi mstarini mwalimu wa zamu alipitisha kiganja juu ya vichwa vyetu. Akihisi kinachokwaruza, unarudishwa nyumbani ukanyolewe. Kwa hiyo urembo ulisubiri sikukuu, na sikukuu ikifika kipara kinapambwa hivyo hivyo kilivyo.

Kwetu ni ufukweni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Murangi. Baba alifanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akawa anakuja mwisho wa mwezi akiwa na nyuzi nyeupe za pamba hadi kwenye nyusi. Nyumbani tulibaki Mama, Bibi aliyemzaa Baba, mimi na wadogo zangu. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya themanini, na mliokuwepo hamhitaji maelezo. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Viatu vilikuwa katambuga za matairi, ambazo zilikuwa na kelele kuliko aliyezivaa. Chai tuliinywa bila sukari mpaka ulimi ukasahau. Lakini furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwepo, tena wengi, na Bibi alikuwa akiwakausha juu ya paa la jiko, akiwapika na nyanya chungu, ugali wa muhogo na mtama pembeni, na mkishiba mnalala pale pale uani tumbo juu.

Mama alikuwa fundi wa vipepeo. Ndivyo tulivyoita yale mafundo ya riboni, kwa sababu yalikuwa na mabawa mawili na kiuno chembamba katikati. Riboni yenyewe hatukuwa nayo, kwa hiyo alitumia chochote kinachong'aa: upindo wa shimizi iliyochoka, bitana ya koti la marehemu Babu, hata ule utepe laini unaoshonwa kwenye ukingo wa blanketi. Blanketi zetu zote zilibaki kingo wazi kwa ajili hiyo, na Bibi alilalamika kila msimu wa baridi kwamba watoto wa nyumba hii watakufa kwa urembo.

Kazi yenyewe naweza kuifanya hadi leo nikiwa nimefumba macho. Unapima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko, unakata. Ncha unazipitisha haraka kwenye moto wa kibatari ili zisifumuke, na hapo ndipo wengi walipounguza, maana ukichelewa kidogo tu riboni inajikunja na kuwa nyeusi. Kisha unakunja bawa la kulia, unakunja la kushoto, unayapishanisha kiunoni, unakaza kwa uzi uliouloweka mate. Kiuno unakifunika kwa kipande kidogo na kukishona kwa nyuma. Mwisho unakishikiza kipepeo kwenye mkanda mwembamba uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, nao ndio unaozunguka kichwa. Jioni ukiuvua unakuachia mstari kwenye paji la uso, na mstari huo tulijivuna nao kesho yake kama askari na nishani.

Mwaka ninaousema, Mama aliombwa na kanisa letu awavishe watoto wa kwaya kwa ajili ya Pasaka. Akakubali, halafu akakaa akiwaza atawavisha nini, maana blanketi zilikuwa zimekwisha kingo. Ndipo akaja mama mdogo Perusi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Mama mdogo Perusi alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti na kuvuka mpaka na vitu ambavyo hakuvionyesha forodhani. Aliingia chumbani, akafungua kitenge kiunoni, na tumbo lote tulilodhani ni ujauzito likageuka kuwa gurudumu la riboni. Nyekundu, pana, inayong'aa, imeviringishwa kwenye karatasi ngumu. Sijawahi kuona kitu chekundu namna ile. Mdogo wangu alinyoosha kidole akaigusa, akakirudisha haraka kana kwamba imemuunguza.

"Dada, hii wavishe malaika wako wote," alisema mama mdogo Perusi. Akanywa uji, akalala, asubuhi akaondoka.

Siku chache baadaye redio ikaanza kuzungumzia walanguzi. Kila taarifa ya habari ilikuwa walanguzi, magendo, wahujumu. Tukasikia Musoma mjini watu wamechukuliwa, na kwamba wengine wanatupa vitu vyao ziwani wasije kukutwa navyo: majora ya vitambaa, sabuni, betri. Yaani vitu vile vile tulivyokuwa tunavililia. Halafu tukasikia mgambo wanapita nyumba kwa nyumba vijiji vya jirani. Mama aliacha kula. Mume hayupo, watoto wadogo, mama mkwe mzee, na chini ya kitanda gurudumu la riboni ya Kenya. Akichukuliwa yeye, nani anatubeba? Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, niliyaelewa haya yote bila kuambiwa, na usingizi wangu ulikuwa wa kushtukashtuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mamba.

Alhamisi Kuu alfajiri Mama akaniamsha twende kuchota maji. Ndani ya ndoo, chini ya kipande cha khanga, lilikuwamo lile gurudumu. Tulipofika ufukweni akatazama kulia, akatazama kushoto, akalitupa kwa nguvu zake zote.

Mama alikuwa amezaliwa karibu na maji, lakini hofu ilimfanya asahau kufunga jiwe. Gurudumu lilidunda juu ya maji, likaelea, na upepo wa asubuhi ukaanza kulifungua. Riboni ikatoka, ikatoka, ikazidi kutoka, mstari mwekundu mrefu unaocheza juu ya mawimbi ambao hata kipofu wa Ukerewe angeuona. Na mitumbwi ya wavuvi ilikuwa ndiyo inarudi. Mama akashika kichwa. "Raheli, vuta! Vuta mwanangu, tumekwisha!" Nikajitosa na gauni langu, nikaishika ncha, tukaivuta wawili kama watu wanaovuta wavu wa kokoro, tukaijaza kwenye ndoo yote ikiwa na mchanga na majani ya ziwani. Mvuvi wa kwanza alipofika alitukuta tumekaa juu ya ndoo, tumelowa, tunamwamkia kwa adabu kubwa mno.

Siku ile riboni ilikauka ndani, imetandazwa juu ya boriti kuzunguka chumba chote, na sisi tukala chini yake kama tuko harusini. Bibi aliinua macho kwenye boriti. Kisha akasema, "Likikutwa lote hivi ni la biashara. Likiwa kichwani kwa mtoto, ni la mtoto."

Mama akamtazama mkwewe. Kesho yake, Ijumaa Kuu, siku ambayo nyumbani kwetu hata kuni hazikupasuliwa, Mama alitoa mkasi. Alitazama ukutani, kwenye msalaba mdogo wa mbao, akasema tu, "Nisamehewe," akaanza kukata. Bibi aliyekuwa akitukemea hata tukiruka kamba siku hiyo ndiye aliyeshika kibatari. Mimi nilikunja mabawa. Mdogo wangu alilowesha nyuzi kwa mate mpaka mdomo ukakauka. Tulikunja na kushona bila kuimba wala kuzungumza, na kila mlango wa jirani ulipolia tulisimamisha mikono. Hadi jioni riboni yote ilikuwa imeisha, na ile karatasi ngumu Bibi akaichoma chini ya chungu cha uji.

Jumamosi asubuhi wasichana wote wa kwaya waliitwa uani kwetu kufanya mazoezi. Mama akawavisha mmoja mmoja. Walipokwisha wa kwaya akawavisha wasio wa kwaya, na wa madhehebu mengine waliokuja kuchungulia, na mtoto mchanga wa jirani ambaye kipepeo kilimzidi kichwa. Uwanja mzima vipara vinang'aa kwa mafuta ya samli, juu yake mabawa mekundu. Mazoezi yalipoisha tukaanza kucheza rede, na ukikimbia kukwepa mpira kipepeo kinateleza kinakaa sikioni.

Mgambo wakaja katikati ya mchezo. Walikuwa vijana wawili wa mbali, na mkubwa wao alikuwa Mzee Magesa wa kijijini kwetu, baba wa rafiki yangu Nyangeta. Mpira ulianguka, hakuna aliyeuokota.

"Mama Raheli," alisema, "tumetumwa kupekuaga nyumba zote. Usitukasirikie."

"Karibuni, Baba Nyangeta," Mama akajibu. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. Mikono ndiyo aliyoificha nyuma.

Waliingia. Tukasikia kitanda kikisogezwa, masufuria yakigongana, ghala la mtama likifunguliwa. Wale vijana wakatoka na betri za redio za Baba na kipande cha sabuni kilichokuwa kimebaki kama ukucha, wakavionyesha kama watu waliokamata chui. Mzee Magesa hakuvitazama. Alikuwa amesimama mlangoni akitutazama sisi. Macho yake yalikwenda kichwa kwa kichwa, taratibu, kutoka kwa mtoto mchanga hadi kwangu. Nilihisi kipepeo changu kimekuwa kizito kama tofali.

"Hizi riboni," akasema. "Zimetokaga wapi nyingi hivi?"

Kuku alipita katikati yetu.

Ndipo Nyangeta, ambaye hakuwahi kumwogopa baba yake hata siku moja, akatoka mbio kutoka nyuma ya jiko, akasimama mbele yake na kuzunguka mzima ili aonekane pande zote. "Baba, ona! Na mimi Mama Raheli amenivisha. Kesho tunaimba mstari wa mbele!"

Mzee Magesa alimtazama mwanawe. Nadhani hakuwa amemwona akiwa na kitu kipya kwa muda mrefu. Nani kati yetu alikuwa nacho? Akakohoa. Akachuchumaa, bunduki yake ya mbao ikiwa bado begani, akakishika kile kipepeo kwa vidole vyake vinene na kukivuta kidogo.

"Kimekaaga upande," akasema. Akakirekebisha mpaka kikanyooka. Kisha akasimama, akawaambia wale vijana, "Hapa tumemaliza. Hawa ni watoto wa kanisa." Wakaondoka na betri na ukucha wa sabuni.

Walipopotelea kwenye kona ya mkonge, Mama alikaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi, na gauni lake la kushindia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha, na Bibi akaja kumshika mabega. Sisi tukamzunguka na vipepeo vyetu, tusijue tucheke au tulie, tukafanya vyote. Furaha niliyoipata siku ile ya kumwona Mama bado yuko uani, ni wetu, hatachukuliwa, sijaipata tena popote. Si siku ya harusi yangu, si siku ya kufaulu mtihani wa darasa la saba. Kesho yake kanisani tuliimba kufufuka kwa Bwana kwa sauti ya kupasua bati, na Mzee Magesa aliketi benchi la mbele akimtazama mwanawe.

Miaka ikapita, mambo yakalegezwa, wakasema biashara ruksa. Nikiwa mwanamwali nilikwenda na Mama sokoni Musoma, na hapo chini, juu ya turubai, kwenye jua, riboni za kila rangi zimemwagwa kama mchicha. Mama alichuchumaa akazigusa moja moja. Akamuuliza kijana muuzaji, kwa sauti ya chini, kama hawasumbuliwi. Kijana akacheka, "Nani atusumbuage, mama? Chagua rangi." Akachagua nyekundu, gurudumu zima. Kijana alipotaka kulifunga kwenye gazeti, Mama akakataa. Alilishika mkononi, wazi wazi, tukapita nalo mjini hadi kituo cha basi, tukapita hata mbele ya polisi. Askari kijana aliyekuwa getini akamwambia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu," akajibu, na hakuharakisha hatua.

Leo wajukuu zake wananunua vipepeo vilivyokwisha kushonwa, vimepangwa kwenye nailoni, vina vito vya plastiki, na baada ya wiki viko kwenye taka. Ukiwaambia wakunje wenyewe wanakuuliza kwa nini, wakati vipo dukani. Wanajipiga picha navyo hata kabla ya kuvilipia, na kama kipepeo kimekaa upande wanakinyoosha kwenye simu badala ya kichwani. Nawatania, lakini siwaonei wivu wala siwalaumu. Wakiniuliza kama natamani enzi zile zirudi, nawaambia nirudishieni ule uwanja, wale furu wa Bibi, na mikono ya Mama ikikunja mabawa. Mengine kaeni nayo. Mama sasa ni mzee, mchana kutwa anakaa ndani mlango wazi, na mtu akibisha hodi anajibu "Karibu" kabla hajajua ni nani.