Bakuli la Maji kwenye Njia ya Kailo

Enzi zile Kindu ikiwa ya Zaire, mtoto haulizwi amelalaje. Alfajiri unachota maji, unafagia uwanja, halafu mbio shuleni kusimama mstari mbele ya bendera. Mnaimba na kucheza kusifu chama, na tumboni hakuna kitu ila mhogo wa jana. Mimi nilicheza vizuri kuliko nilivyosoma. Darasa la nne ndilo la mwisho nililokalia benchi, na sioni haya kulisema, maana leo wenye diploma wanakuja dukani kwangu kuniuliza buloni ipi, hizi bolti za kufungia vyuma, inaingia wapi, na ninawajibu bila kuinuka kwenye kiti.

Wa rika langu mtakumbuka. Mipira ya majani makavu ya mgomba. Karanga mbichi zilizochemshwa na maganda yake, ukimaliza vidole vinanuka udongo mpaka kesho. Kuoga Lualaba, tulikokatazwa, na kukausha nywele juani ili mama asijue, na mama anajua tu. Mvua ikipiga mabati, baba anaacha kusema mpaka ipite, kwa sababu hakupenda kusema kitu mara mbili.

Baba yangu, Fundi Sumaili, alikuwa na karakana mtaa wa Mikelenge, mabati manne juu ya nguzo sita. Mtoto hai alikuwa na mmoja, mimi Feza. Wawili walionifuata walitoka kabla ya siku zao, tukawazika nyuma ya nyumba ya bibi kule Kailo. Kwa hiyo funguo na makopo ya grisi yalikuwa vitu vyangu vya kuchezea. Majirani walimwambia mama kwamba binti huyu atanuka mafuta mpaka siku ya ndoa yake. Ilikuwa hivyo kweli, na mume hakukimbia. Baba alinifundisha kazi kwa maneno manne, hakuongeza la tano: "Shika kwanza, sema nyuma."

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo, Kaka Paluku, muuza chumvi na vitenge, mtu wa kanisa sana, alileta kutoka Kampene mashine iliyoachwa na wazungu wa mgodi. Magurudumu matatu, matairi manene kama maboga, imetengenezwa kupita pasipo na barabara. Watoto waliipa jina siku ileile: Mafiga, kwa sababu ya mawe matatu ya jikoni. Ilikuwa na nguvu ya kupanda kilima chochote, lakini mbele ilikuwa imechoka. Ndani ya ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele mna resori, yaani springi, na resori zake zilikuwa zimelegea kabisa. Kila shimo, inainamisha kichwa kama mbuzi anayetaka kupiga pembe, chuma kinagonga chuma, na aliye juu anaruka. Kaka Paluku ilimwangusha mara mbili. Mara ya pili suruali ya abakosti yake, suti ya enzi ile, ilipasuka mbele ya wanakwaya, ndipo akaisukuma mpaka kwa baba.

Sasa sikilizeni kwa nini mashine ya mtu mwingine ilitunyima usingizi.

Mama alikuwa Kailo kwa bibi, na mimba ya miezi saba. Mujomba Ramazani, kaka yake mama, alifika kwa baiskeli siku moja, matope mpaka magotini. Hata maji hakuyapokea. Alisema dada yake ameanza kuumwa kama zile mara mbili. Muganga wa dispansari amemtazama, ameagiza apelekwe hospitali ya Kindu akalale pale mpaka ajifungue. Lakini njiani asitikiswe. Akitikiswa, mtoto atatoka, na safari hii labda mama naye.

Lori lilikuwa linapita mara moja kwa juma, nalo lilirusha watu kama maharage kwenye ungo. Mujomba alitaka kipoyi, kile kiti cha mianzi ambacho wanaume wanne wanabeba mabegani. Baba alikataa. Ilikuwa majira ya mvua, miteremko inateleza, na mwaka uliotangulia wabebaji walikuwa wameanguka na mgonjwa wao. Alitaka Mafiga.

"Shemeji," mujomba akamwambia, "ile kitu inaangushaka wanaume. Itamuacha mwanamuke na mimba?"

"Unipe siku tano," baba akajibu.

Alikwenda kwa Kaka Paluku, hakurembesha maneno. Kaka Paluku alimwambia kama ataifanya isiiname tena, aitumie baba kwanza, yeye mwenyewe ataingoja, na atamwombea mama kanisani, hata kama sisi ni Waislamu.

Zile siku tano nazikumbuka kuliko harusi yangu. Nyuma ya stesheni lilikuwepo lori lililokufa, na mwenye lori alituruhusu kufungua injini yake. Baba alitoa mle resori fupi za valvu, ngumu, huwezi kuzibonyeza kwa mkono. Alikata zile ndefu laini za Mafiga, akabakiza sehemu, akapanga zile ngumu juu yake. Kati yake alihitaji kitu cha duara ili zisiumane. Alitoboa sarafu mbili za makuta, tena alizitobolea ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwa kuwa sarafu zilikuwa na sura ya mkubwa wa nchi, na vijana wa chama walikuwa na masikio marefu.

Kupima njo ilikuwa kazi yangu. Bakuli jeupe la chuma la mama, lenye ukingo wa buluu, nalijaza maji vidole vinne, naketi nyuma ya baba, nalishika juu ya tumbo pale mtoto angekuwa, na tunateremka njia ya bandarini yenye mashimo yote ambayo Mungu aliyajua. Siku ya kwanza nilirudi nimelowa mpaka kwenye soksi, bakuli kavu. Watoto wa Mikelenge wakaufanya mchezo. Kila tukitoka wanabishana vitabaki vidole vingapi, na anayekosea anamchotea maji anayepatia. Zaina wa jirani alikuwa anasema moja kila siku, ili kuniudhi tu.

Resori zilikuwa nzuri sasa, lakini zilirudi juu kwa nguvu mno, Mafiga inadunda kama mpira. Ndani ya ile miguu panatakiwa mafuta mazito ya kutuliza resori, na Kindu nzima hayakuwepo. Baba alizunguka maduka yote, akarudi, akaniambia nilete mawese. Mafuta yetu ya jikoni, mekundu. Tuliyachuja kwa kitambaa, tukayamimina. Toka hapo Mafiga ilinuka sombe, mboga yetu ya majani ya mhogo, na mbwa wa mtaa waliilamba miguu. Lakini ilitulia. Siku ya tano, saa saba mchana, nilirudi kutoka bandarini na vidole vitatu na nusu ndani ya bakuli. Zaina alinichotea maji siku tatu, akiwa amenuna.

Kesho yake alfajiri tulivuka Lualaba kwa baki ya kwanza, kile chombo cha kuvushia magari, tukashika njia ya Kailo. Ukungu, baridi ya kuuma masikio. Baba alitaka nishike bakuli hata siku hiyo, ili aijue njia kabla mama hajapanda. Hatujamaliza nyumba za mwisho za Alunguli, mtaa wa ng'ambo, bakuli likawa tupu. Mafiga ilikuwa ngumu kama gogo. Kila jiwe lilinipanda mgongoni mpaka kwenye meno.

Baba alisimama. Alichuchumaa mbele ya gurudumu. Nilimwona anazeeka pale pale. Alidhani resori zimebanana mle ndani, na kuzifungua pale njiani hatukuwa na chombo.

Mimi nikashika. Miguu ya Mafiga ilikuwa baridi kama chupa. Kwenye shingo yake palikuwa na tone limevuja, nikalichukua kwa kidole: zito, la manjano, kama uji wa jana. Hilo nilikuwa nalijua. Kila asubuhi mama alinituma niweke chupa ya mawese karibu na moto, kwa sababu imeganda na haimwagiki.

"Baba," nikamwambia, "mafuta imelala."

Alinitazama. "Tulipimaka saa ngapi?"

"Kisha ya chakula."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Asubuhi ilikuwa kazi za watu."

Alicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeondolewa jiwe kifuani na kuwekewa lingine. Sababu tuliijua sasa, lakini mama angeweza kusafiri tu jua likiwa kali. Na baki ya mwisho ilikuwa inavuka saa kumi na moja. Moto hatukuweza kuuwasha chini ya miguu ile, ungeyeyusha mpira unaozuia mafuta yasitoke.

Tulipofika Kailo, mujomba alikuwa tayari na mizigo imefungwa. Aliposikia tungoje mpaka saa saba, alisema mbele ya wazee wote kwamba shemeji yake amepagawa. Nani anatoa mwanamke mjamzito na jua la utosi? Na baki ikiwaacha, atalala wapi, juu ya mchanga? Baba hakujibizana. Aliisukuma Mafiga katikati ya uwanja, jua liione, akaketi kando yake kama mtu anayelinda mpunga usiliwe na kuku.

Mama alikuwa kwenye mkeka, uso umepauka. Alitusikiliza sisi wote. Kisha akauliza neno moja: "Nani ataendesha?"

"Mimi," baba akasema.

"Basi ningojee jua." Akamgeukia mujomba. "Na weye kaka, badala ya kulia hapa, enda ukamate baki. Feza aende na weye."

Tukaondoka, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli. Mujomba alikanyaga njia nzima bila kusema, isipokuwa kwenye mlima mmoja aliniambia kwamba mimi ni mzito kwa mtoto asiyekula. Tulifika mtoni saa tisa na kitu. Tukangoja. Magari mawili yakapanda, baiskeli, wamama na vikapu vya mihogo. Jua likaanza kushuka upande wa Kindu. Nahodha wa baki akapiga honi.

Mujomba akamsihi, nahodha akasema hana amri ya kungoja mtu asiyeonekana. Basi mujomba alilaza baiskeli yake juu ya mbao za kupandia, na yeye akalala kando yake, mikono nyuma ya kichwa.

"Sitwayen, ondoka pale," nahodha akasema, maana enzi ile kila mtu aliitwa raia.

"Dada yangu iko njiani na mimba. Kama una haraka, unipite juu."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli njo uanze nayo. Mimi nitafwata."

Wamama wa mihogo walicheka, mmoja akamwambia nahodha angoje, hata yeye alizaliwa na mwanamke. Nahodha akawasha sigara. Alikuwa amefika katikati yake nilipousikia ule mlio, mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Sikukimbia kuwalaki. Nilisimama pale pale kando ya mujomba, nikitazama njia.

Walitokea polepole, mwendo wa mtu anayebeba yai. Mafiga ilikuwa inaingia shimoni na kutoka kama inavuta pumzi. Mama ameketi upande, kitenge kichwani, bakuli juu ya tumbo. Baba alizima injini, na kabla ya kumtazama mkewe usoni alitazama ndani ya bakuli.

Lilikuwa kavu.

Niliona rangi ikimtoka. Mujomba akaamka kutoka kwenye mbao.

"Muko munaangalia nini?" mama akasema. "Niliyakunywa. Munitoe na jua la saa saba, munipe maji mikononi, halafu nisinywe?"

Mujomba alikaa chini tena, safari hii si kwa kuzuia baki. Baba alijiegemeza kwenye Mafiga, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na mistari usoni mpaka ng'ambo. Nahodha akatuvusha na sigara yake mdomoni. Katikati ya mto mama akaniambia nimchotee tena.

Alilala hospitali majuma saba. Mtoto alitoka kwa siku zake, wa kiume, analia kama honi ya baki. Kwenye karatasi anaitwa Salumu. Nyumbani ni Bakuli mpaka leo, na mvi zote zile.

Siku hizi nauza vipuri pale pale palipokuwa na mabati manne, na sasa ni ukuta wa matofali niliojenga mwenyewe. Vijana wa motari, wenye pikipiki za abiria, wananunua amotisere, kile chombo cha kutuliza resori, Jumatatu, Ijumaa wanairudisha, imekufa. Namwuliza kijana ameishika, imepata moto, inavuja? Ananionyesha simu. Simu imemwambia. Wanajua majina yote ya vitu hawa watoto, Mungu awape maisha, lakini mikono yao ni safi kama ya wafu. Mafuta mazito yapo sasa ya kila rangi, nayapanga kwenye rafu. Hakuna tena anayehitaji mawese. Njia ya Kailo, mashimo yake ni yaleyale, nadhani nayafahamu mengine kwa sura.

Baba ametangulia, mama akamfuata, na mujomba naye. Tulipogawana vitu vya mama niliomba bakuli tu. Lipo kaunta, limemenyeka rangi, naweka buloni ndogo.

Juma lililopita Bakuli alipita dukani kutoka Kailo, ana gari la jipu lenye viti vya ngozi, analalamika mgongo unamuuma. Nilimwambia akae. Nikamwaga buloni, nikalisuuza, nikalijaza maji. Aliyanywa yote akiwa amesimama, akanirudishia bakuli kavu, akaniuliza kwa nini ninacheka peke yangu.