Swali la Mama Pasi

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo hakulichukia, maana ni pasi iliyomlelea watoto tangu baba yao alipofariki. Chumba chake cha udobi kilitazama barabara. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba zilizokatiza ukuta hadi ukuta, na dirisha lisilokauka kwa mvuke. Mteja akichelewa kufuata nguo zake, alimtania: "Nikivaa mimi usije ukalalamika."

Kanisani alikuwa katika kikundi cha faraja, wale wanaowatembelea wafiwa watu wengine wakishatawanyika. Huko hakuwa mwingi wa maneno. Aliosha vyombo, akafagia, kisha akakaa. Alijua kwa kupitia mwenyewe jinsi nyumba inavyotisha viti vya kuazima vikisharudishwa.

Mmoja wa waliotembelewa alikuwa Fundi Baridi, mtengeneza friji wa barabara ya pili. Mkewe, mwalimu wa watoto wadogo na shoga wa Mama Pasi wa siku nyingi, aliugua ghafla na kufa kabla hata ndugu hawajafika hospitalini. Kwenye mazishi mume hakudondosha chozi. Alisimama, akamshukuru Mungu kwa sauti kavu, watu wakaitikia amina. Jumapili iliyofuata mchungaji akamtaja madhabahuni: "Ndugu yetu huyu ni jabali. Tuige imani yake." Mama Pasi alipogeuka kumtazama, jabali lenyewe lilikuwa linatabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vinachuna ngozi ya kidole gumba mpaka damu inatoka. 

Wiki zikasogea. Kila kikundi kilipokwenda, Fundi Baridi aliwapokea kwa bashasha, nyumba safi kupita kiasi, kama ya mtu anayehama. Siku moja Mama Pasi aliingia jikoni kuosha vikombe akakuta friji imechomolewa, mlango wazi, ndani pakavu kabisa.

"Shemeji, fundi wa friji na friji yake imekufa?"

"Haijafa, naipumzisha," akajibu, akacheka peke yake.

Baadaye Mama Pasi akasikia kwamba Fundi Baridi amempa fundi mwenzake vifaa vyake vya kazi, bure. Redio kampa mlinzi wa kanisa. Watu wakasifu ukarimu wake. Mama Pasi hakusifu. Alianza kupita njia ya nyumbani kwake hata pale ambapo safari yake ilikuwa ya upande mwingine.

Kisha mchana mmoja Fundi Baridi akaingia udobini na suti nyeusi, ile ile aliyomzikia mkewe.

"Ipige pasi vizuri, shemeji. Sitaifuata mimi. Mdogo wangu atakuja kuichukua."

"Mdogo wako si yuko mbali? Anakuja lini?"

"Atakuja tu."

Uso wake ulikuwa umetulia. Tangu msiba Mama Pasi hakuwahi kumwona mwepesi namna ile, na wepesi huo ndio uliomtia baridi ya mgongo. Alimwambia akae kidogo anywe chai. Akakataa kwa upole, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka.

Mama Pasi akalaza suti mezani. Pasi ilikuwa ya moto, lakini mkono haukwenda. Alimkumbuka muuguzi wa kliniki ya afya ya akili aliyewahi kualikwa kukifundisha kikundi. Aliwaambia wasiogope kumuuliza mtu wazi kama anataka kujiua, kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Nusu ya kikundi walinung'unika kwamba huko ni kumwita shetani kwa jina. Mama Pasi alichomoa pasi, akaliacha shati la mteja alilokuwa amelianza, limenyooshwa mkono mmoja tu, akafunga mlango na kwenda kwa mchungaji mbio mbio.

"Lakini jana tu tumesali naye," mchungaji alisema. "Alikuwa na furaha."

"Furaha hiyo ndiyo inayonitisha, baba mchungaji."

Mchungaji alimtazama, akavaa viatu bila kuvifunga kamba.

Walikuta mapazia yamefungwa. Jirani alisema fundi yumo, kamwona akiingia. Walibisha hodi, kimya. Wakabisha tena. Ndani kitu kiliburuzwa sakafuni, kisha kimya tena, kimya kirefu kilichomfanya Mama Pasi aupige mlango kwa ngumi na kuita, "Shemeji! Ni mimi! Siondoki!"

Mlango ukafunguliwa.

Picha za ukutani zilikuwa zimeshushwa na kufungwa kwenye shuka. Fundi Baridi alisimama katikati ya chumba kama mgeni asiyejua pa kukaa. Mama Pasi akamsogelea, akauliza.

"Shemeji, unataka kujiua?"

Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

"Leo," akasema.

Akaketi sakafuni. Alilia kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia. "Mmeniita jabali. Sasa ningemlilia nani?"

Mchungaji hakuhubiri. Alikaa chini sakafuni pamoja naye. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Nilikufunga mdomo nikidhani nakusifu."

Kile Fundi Baridi alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya kujiua alikitoa mwenyewe, mchungaji akakipeleka mbali. Jioni hiyo hiyo walikuwa naye hospitalini. Alilazwa, akaanzishiwa dawa, akapangiwa mshauri. Mdogo wake alipigiwa simu, akaja kweli, akahamia kwake.

Maneno hayakukosekana. Wapo waliosema fundi kapungukiwa imani. "Wewe vidonge vya presha unameza kila asubuhi," Mama Pasi alimjibu mmoja wao, "imani yako iko kwenye chupa gani?" Mchungaji naye, kwa ruhusa ya fundi, alisimama madhabahuni akayafuta maneno yake, akasema kanisa ni mahali pa kulilia pia.

Hata hivyo hofu haikumtoka Mama Pasi. Daktari alikuwa amewaonya kwamba hatari haiishi kwa mtu kuruhusiwa kurudi nyumbani, na yeye aliyabeba maneno hayo kila alipopita barabara ya pili. Asubuhi moja, fundi akiwa amesharuhusiwa na mdogo mtu yuko kazini, Mama Pasi alikuta mlango umefungwa. Akabisha.  Akabisha tena kwa nguvu.

"Shemeji?"

Kimya. Kisha sauti kutoka chumbani, nzito, ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Nipo. Lakini leo ni siku mbaya, shemeji. Mbaya sana. Usiniache peke yangu."

"Basi nifungulie," akasema Mama Pasi. "Nimekuja kukaa."

Akasikia kitanda kikilia, na miguu ikijikokota kuja mlangoni.