Fainali Niliyoitangaza Mwenyewe

Kabla sijatangaza mpira, nilikuwa nasoma matangazo ya vifo na salamu za wasikilizaji katika redio moja ndogo hapa Ifakara. Ilikuwa kazi ya heshima. Sokoni nikiuliza bei ya mchele tu, wauzaji walinitambua kwa sauti. Lakini moyo wangu ulikuwa uwanjani.

Mpira nilifundishwa na mjomba wangu, kule Mofu. Aliwahi kuwa beki wa timu ya kijiji, kisha maradhi yakamnyang'anya macho nikiwa bado shule ya msingi. Jumapili baada ya misa alinishika bega, tukaenda uwanjani, nami nikamsimulia mechi. Mwanzoni nilimwambia tu kwamba wanakimbia, wanagombania mpira, watu wanashangilia.

"Kelele nazisikia mwenyewe, mama," aliniambia kwa upole. "Wewe niambie mpira uko wapi, anao nani, na anaelekea wapi."

Basi nikajifunza. Nilipochanganya kushoto na kulia alijua, kwa sababu shangwe zilitoka upande mwingine.

Nilipoomba kutangaza mpira redioni, mhariri wa michezo alicheka, si kwa ubaya. Alisema wasikilizaji hawajazoea, na kwamba sauti ya kike ikipanda goli likifungwa inakuwa kama yowe la msibani. Meneja akasema tutaona. Nikangoja msimu mzima. Wakati nangoja sikukaa bure: nilijifunza kuendesha mitambo, nikajifunza kuhariri sauti, na nilipanda bodaboda kufuata habari za mashamba hadi vijiji vya Mlimba.

Mwaka jana, kwenye nusu fainali ya kombe la wilaya, nilikwenda uwanjani kama mtazamaji, nikakaa pembeni na kuitangaza mechi nzima huku nikijirekodi kwa simu yangu. Watu walionizunguka walinitazama kama niliyepandwa na mashetani. Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, niliwaomba wote wafumbe macho. Nikawasikilizisha kipande alichotangaza mhariri redioni, cha mechi ile ile, kisha cha kwangu, goli lile lile.

Walifumbua macho. Nilikuwa najiandaa kujitetea, mhariri akanitangulia.

"Kwangu nimejisikia mimi," alisema. "Kwake nimeuona uwanja. Fainali tugawane, kipindi cha pili awe yeye."

Fainali ilikuwa Mofu na timu ya mjini. Mjomba aliletwa na wanawe kwa bajaji, akakaa upande wa jua na redio yake sikioni. Mhariri alipomaliza kipindi cha kwanza, Mofu walikuwa nyuma kwa goli moja. Nilivaa hedifoni kwa woga. Ndipo winga wa Mofu akapata mpira karibu na mstari wa kati, na woga ukaniishia hapo hapo. Niliona mpira, nikasema mpira.

Mofu walisawazisha kwa kichwa, kona ya upande wa barabara. Sauti yangu ilipanda, na niliiacha ipande. Nikiwa bado natangaza niliona akina mama wanaofanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, waliokuja na redio moja, wanarukaruka wakininyooshea kidole kule nilikokaa. Ilipofika mikwaju ya penalti nilimsogezea mhariri kipaza sauti, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wangu. Alikirudisha mbele yangu.

Nilitangaza mikwaju yote. Golikipa wa Mofu alipopangua ule wa mwisho nilishangilia ushindi wa Mofu, nikasahau kwamba redio haipendelei upande, ila nilijikumbuka upesi nikawapongeza vijana wa mjini, maana walicheza vizuri sana.

Mjomba alitafutwa na kuletwa kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia kitu kimoja tu: goli la kusawazisha nililitangaza kabla watu hawajashangilia.

Wiki ile meneja alibadilisha cheo changu, nikawa mtangazaji wa michezo. Mhariri alipopata kazi Morogoro, alinipendekeza mimi nikalie kiti chake. Sasa napanga ratiba ya mechi za bonde zima. Jumamosi iliyopita tulikuwa Mlimba, mvua ikatunyeshea, uwanja ukawa tope tupu, na mabinti wawili niliowafundisha walitangaza mechi kwa kupokezana hadi filimbi ya mwisho. Mimi nilishika mwavuli.