Kicheko cha Wifi

Mama mfagiaji huongea kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, maana amezeekea kati ya mashine za kufuma za kiwanda cha nguo. Sasa vyuo vikuu viwili, chetu na cha nchi ya mbali, vimekigeuza kiwanda kile kuwa maktaba. Nguzo wamezihifadhi, hata madoa ya mafuta sakafuni. Yeye hufagia akichezesha midomo bila sauti, macho kwenye nguzo ya mwisho.

"Unaongea na nani, mama?" mwanafunzi mgeni alimuuliza.

"Na wifi yangu, marehemu. Mashine yake ilikuwa pale. Nyumbani tulinuniana; hapa kwenye kelele tulisomana midomo, tukacheka kutwa." Ufagio ukatulia. "Kicheko chake sikuwahi kukisikia, mwanangu."

Alisahau kushusha sauti. Maktaba nzima iligeuka, naye akajiziba mdomo kwa kiganja.