Marashi Mawili ya Gaudensia

Gaudensia wa Kwihara, au Mama Anton kwa wanaomjua, mfuga nyuki wa miaka hamsini na miwili, ana pua ya ajabu. Mwonjeshe asali, kabla haijafika ulimini ameshakutajia mti ambao nyuki walichuma maua yake, na hakosei. Sasa mwanamke wa pua hiyo kukwama dukani saa nzima kwa chupa mbili za marashi, si jambo dogo.

"Zote zinanukia mninga uliopasuliwa leo, na majani mabichi," alimwambia Nurbanu, mwenye duka pale Tabora mjini. "Hizi zimezaliwa tumbo moja?"

"Ndugu, lakini si mapacha," Nurbanu akacheka. Akampaka moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. "Nenda nazo nyumbani, mama. Kesho uniambie."

Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi Gaudensia alikuwa anaolewa. Baada ya miaka tisa ya ujane alikuwa amempata Mwalimu Eliya wa Isikizya, mtu mpole, anayempenda waziwazi. Tatizo lilikuwa dada zake Eliya. Walishasema bibi harusi ananuka moshi, na mizinga yake arobaini iuzwe kabla ya ndoa. Eliya hakuwa amesema ndiyo wala hapana, na ukimya huo ulimuuma Gaudensia kuliko maneno ya mawifi.

Alipofika nyumbani hakwenda kwenye mizinga, maana nyuki na marashi havipikiki chungu kimoja. Aliwasha uani lile bomba la moshi la kutulizia nyuki, akasimama mpaka moshi ukaingia kwenye kanga na ngozi. Kisha akanusa. Mkono wa kulia ulikuwa umeufuta moshi wote, utadhani hajawahi kukanyaga msituni. Wa kushoto ulikuwa na mninga, majani, na moshi kwa mbali. Aliupenda huo palepale, akacheka peke yake kwa raha.

Jioni Eliya akaja. Gaudensia akamnyooshea mikono yote miwili.

"Chagua, Mwalimu."

Eliya akanusa huku na huku. "Huu wa kulia, Mama Anton. Hapa hakuna atakayejua kazi yako."

"Ndiyo maana nachukua wa kushoto."

Eliya alisogea karibu. Akaushika tena mkono wa kushoto, akaunusa taratibu, macho ameyafumba.

"Na mizinga?" akauliza.

"Nakuja nayo."

"Basi nikatafute lori," Eliya akasema. "Dada zangu niachie mimi."